Tunasoma halali, hatusomi sukari

Wataalamu wa lishe wakialikwa redioni huwa na lalamiko moja la kudumu: Wakenya hatusomi lebo za vyakula. Huenda kwingine ni kweli. Mombasa si kweli. Nenda supamaketi yoyote ya mjini saa za jioni, usimame karibu na rafu ya peremende na biskuti, uangalie mikono ya watu. Pakiti zinageuzwa. Bi mkubwa ataileta karibu na macho, ataisogeza mbali, ataileta tena, mwishowe atamwita kijana anayepanga bidhaa: "Mwanangu, hebu nisomee hapa. Wameandika jelatini?" Kijana akijibu, "Ipo, mama, lakini hawakusema ya mnyama gani," peremende zinarudi rafuni na mjukuu anavutwa mkono huku analia.

Huo ni usomaji, tena wa makini. Wapo watu Kibokoni na Majengo ambao hawakusomea kemia hata siku moja, lakini watakwambia kwamba E471, moja ya nambari za vitu vinavyoongezwa kwenye vyakula vya viwandani, yaweza kutokana na mafuta ya mmea au ya mnyama, kwamba wekundu wa E120 unatolewa kwa mdudu, na kwamba E441 ni jelatini iliyovaa nambari. Tarehe nayo inasomwa. Mwenye duka akithubutu kumuuzia mtu maziwa yaliyopitwa na siku, atajua hajui.

Kisha bi mkubwa huyo huyo, mwenye presha, aliyeambiwa na daktari apunguze sukari, anavuta chupa ya lita mbili ya kinywaji cha embe kutoka rafu ya pili na kuitia kikapuni bila kuigeuza. Mtu ni yule yule na macho ni yale yale. Kilichobadilika ni lebo.

Alama ya halali inajibu swali moja, jibu lake ni ndiyo au la. Nyuma yake kuna taasisi, kama vile Kenya Bureau of Halal Certification, inayokagua kabla ya kutoa cheti. Mnunuzi hapigi hesabu yoyote. Kazi imeshafanywa na mtu mwingine, na ikibainika ilifanywa ovyo, kuna wa kuulizwa. Jedwali la lishe halina hata moja katika hayo. Liko mgongoni mwa pakiti, mara nyingine limemezwa na mshono wa plastiki, limeandikwa kwa Kiingereza kwa herufi ambazo hata kijana anazikodolea macho, na linakupa nambari tupu: gramu, miligramu, kilojuli, asilimia ya kitu fulani. Kujumlisha na kuzidisha umeachiwa wewe, na foleni iko nyuma yako.

Aya ya 168 ya Suratul Baqara inawaita watu wale vilivyomo ardhini vilivyo halali na vizuri. Sehemu ya kwanza ya mwito huo tumeijengea ofisi, mihuri na wakaguzi. Ya pili kila mtu ameachiwa apambane nayo na miwani yake. Ndiyo maana nachoshwa na kampeni zinazomhimiza mnunuzi "asome lebo" kana kwamba shida ni uvivu wake. Mji huu umeshaonyesha kwamba ukipewa lebo inayojibu, unasoma.

Hata hivyo, lebo tulizo nazo ndizo hizo, na zina siri zake kwa anayejua pa kutazama. Tuigeuze hiyo chupa ya embe.

Mbele kuna picha ya embe lililopasuliwa, linachuruzika. Nyuma, kwenye orodha ya viambato, mara nyingi cha kwanza ni maji, cha pili sukari, cha tatu ndipo lije rojo la embe. Mpangilio huo si wa bahati nasibu. Kiwango cha Afrika Mashariki cha uandishi wa lebo, EAS 38, kinataka viambato vipangwe kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Basi kabla hujagusa nambari hata moja umeshajua kwamba unanunua maji ya sukari yaliyopitishwa karibu na mwembe. Viwanda vinaijua kanuni hii vizuri, na baadhi ya bidhaa huigawa sukari kwa majina: sukari hapa, glukosi pale, dekstrosi, sharubati ya mahindi. Kila jina likisimama peke yake linashuka chini kwenye orodha. Ukiyakusanya pamoja, huenda yangekuwa ya kwanza.

Chini ya orodha kuna jedwali, na kwa kawaida lina safu mbili. Moja inahesabu kwa kila mililita 100 au gramu 100, nyingine kwa kile kiwanda kinachokiita kipimo cha mlaji mmoja. Hii ya pili iache. Anayeamua kipimo ni mwenye kuuza, na yeye ana haja gani ya kukipanga kiwe kikubwa? Biskuti mbili. Robo ya pakiti ya krispi. Nani Mombasa hii amewahi kufungua pakiti ya krispi akala robo akaifunga?

Safu ya 100 haina hila hiyo. Tuseme inasema sukari gramu 12. Glasi ndefu, ile tunayotoa kwa wageni, inaingia kama mililita 300, kwa hivyo umekunywa gramu 36. Kijiko cha chai cha sukari ni takriban gramu 4; gawanya, unapata vijiko tisa. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa 2015, lilishauri kwamba sukari inayoongezwa kwenye vyakula, pamoja na ile ya asali na ya juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu mzima anayekula kalori 2,000, hiyo ni gramu 50. Likaongeza kwamba kushuka chini ya asilimia 5, yaani gramu 25, kuna faida zaidi. Glasi moja ya embe imeshaipita gramu 25, na chai ya jioni haijaandaliwa. Soda ya kawaida isiyopunguzwa sukari ina gramu 10 au 11 kwa mililita 100, kwa hivyo chupa ya nusu lita inamaliza zile 50 peke yake.

Kugawa kwa nne ndiyo hesabu ninayomsihi kila mtu aikariri, hata akisahau mengine yote.

Ina mtego mmoja, nao uko kwenye maziwa. Maziwa yana sukari yake ya asili, karibu gramu 5 kwa kila mililita 100, na jedwali huichanganya na ile iliyoongezwa kiwandani. Yogati ya stroberi ikisema gramu 12, toa hizo 5 za maziwa. 7 zinazobaki ndizo walizotia wao. Maziwa lala yasiyo na ladha hayakuhitaji hesabu hiyo, na kwa kawaida ni bei nafuu zaidi.

Ukitaka kuona tatizo hili likiwa limevaa kilemba, subiri Ramadhani. Wiki ya mwisho ya Shaabani supamaketi hupanga milima ya vinywaji vya unga, vile vya kukoroga kwenye jagi, rangi ya chungwa na zambarau. Geuza pakiti: mara nyingi kiambato cha kwanza ni sukari, na tunda liko kwenye picha tu. Mtu aliyefunga tangu alfajiri anakata kiu kwa jagi hilo, kisha kaimati zilizoogeshwa shira, kisha kastadi. Tende anazofungulia zinasingiziwa bure. Sukari iliyo ndani ya tunda zima haimo kwenye kiwango kile cha WHO, ingawa mwenye kisukari bado anahesabu tende zake. Ukwaju uliolowekwa nyumbani na kukamuliwa kwa mkono una ubora mmoja mkubwa: anayetia sukari ni wewe, unaona kijiko.

Kwenye mafuta ya kupikia ndipo kwenye hadaa niipendayo kuliko zote, kwa sababu ni ya kweli. Chupa imechorwa moyo mwekundu na pembeni imeandikwa kwamba haina kolesteroli. Ndiyo, haina. Kolesteroli ni ya vyakula vya wanyama. Mafuta ya mmea wowote hayana kiasi cha maana, yawe mazuri au mabaya kwa moyo. Ni sawa na muuza maji kujisifu kwamba maji yake hayana mifupa. Kinachofaa kutazamwa ni mstari wa mafuta shibe, ule ulioandikwa "saturated" kwa Kiingereza, maana hayo ndiyo yanayopandisha kolesteroli ndani ya damu yako mwenyewe. Mafuta ya alizeti yana gramu kama 11 za mafuta shibe katika kila 100. Mafuta ya mawese yaliyochujwa yakawa majimaji yanapita 40. Haya ya pili ndiyo tunayokaangia viazi karai na bhajia; mawese huingia kupitia bandari ya Kilindini kutoka Malaysia na Indonesia, na mengine husafishwa humu humu Mombasa. Chupa nyingi huandikwa "mafuta ya mboga" kwa herufi kubwa, na chanzo chake kwa herufi ndogo.

Joto letu linasaidia kuficha. Kwenye baridi ya bara mafuta ya mawese huanza kufanya ukungu ndani ya chupa, mnunuzi akashtuka. Hapa hubaki maangavu mwaka mzima. Tia kidogo kwenye kikombe, uweke ndani ya friji usiku kucha, uyatazame asubuhi.

Najua nitaulizwa habari za nazi, maana mtu wa pwani hawezi kusema juu ya mafuta akaikwepa. Mafuta ya nazi yana mafuta shibe zaidi ya gramu 80 kwa 100. Tui si mafuta matupu, sehemu kubwa ni maji, lakini tui la kopo likigeuzwa linasema jambo ambalo nazi ya kukuna haijawahi kusema. Simwambii mtu aache wali wa nazi wala samaki wa kupaka. Nasema tu kwamba mwenye kupika kwa tui zito kila siku, kisha akajiona salama kwa sababu chupa yake ya mafuta ina picha ya moyo, amesoma lebo moja akaacha nyingine.

Mkate niupite haraka. Boflo ya kahawia si lazima iwe ya ngano isiyokobolewa. Rangi yaweza kutokana na sukari iliyounguzwa. Kiambato cha kwanza ndicho shahidi. Kikisema unga wa ngano bila kutaja kwamba ni ngano nzima, umelipia rangi.

Chumvi inastahili muda zaidi, kwa sababu ndiyo inayotuumiza kimyakimya. Uchunguzi wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza wa 2015 ulikuta takriban asilimia 24 ya Wakenya wa umri wa miaka 18 hadi 69 wana shinikizo la damu, na zaidi ya nusu ya watu hawajawahi kupimwa presha maishani. WHO linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Shida ni kwamba lebo nyingi haziandiki chumvi. Zinaandika sodiamu, kwa miligramu, na nambari ya sodiamu huonekana ndogo kuliko chumvi iliyomo. Izidishe kwa mbili na nusu. Pakiti ya tambi za haraka yenye miligramu 900 za sodiamu ina gramu 2.25 za chumvi, karibu nusu ya haki yako ya siku, na bado hujala chakula cha usiku.

Sasa fuata sufuria moja ya mchuzi nyumbani. Kibonge cha supu, ambacho chumvi mara nyingi ndiyo ya kwanza kwenye orodha yake. Unga wa mchuzi wa pakiti, hivyo hivyo. Nyanya ya kopo, iliyotiwa chumvi. Kisha mpishi anaonja, anaona bado, anatia chumvi ya mkono, na mezani inawekwa achari. Hakuna hata mmoja aliyepika vibaya. Kila pakiti ilikuwa na chumvi yake na hakuna aliyezijumlisha. Kama kuna mahali pamoja pa kuanzia kwa nyumba yenye mgonjwa wa presha, ni hapo: ukitumia kibonge, chumvi ya mkono ikae kabatini.

Hayo yasikufanye uikimbie chumvi ya pakiti ukanunua ile ya mawe isiyo na jina. Chumvi yetu inavunwa jirani hapa, Gongoni na Marereni, na sheria inataka itiwe ayodini kabla ya kuuzwa, kinga dhidi ya tezi la shingo na dhidi ya madhara kwa akili ya mtoto aliye tumboni. Unga wa mahindi na wa ngano wa viwandani nao tangu 2012 sharti uongezwe vitamini na madini, miongoni mwake chuma, zinki na asidi ya foliki, na mafuta ya kupikia sharti yatiwe vitamini A. Hayo ni mambo ya kutafuta kwenye lebo kwa furaha. Mjamzito anayechagua unga wa sima wenye alama ya kuongezwa virutubishi hajapoteza muda wake.

Muda tunaupoteza kwingine. Kila baada ya miezi kadhaa huzunguka kwenye simu orodha ndefu ya nambari za E zinazodaiwa kuleta saratani, imetiwa jina la hospitali fulani ya Ulaya, na mwisho wake imeandikwa "tuma kwa umpendaye". Mara nyingi ya kuogopwa zaidi ni E330. Nambari hiyo ni asidi ya sitriki, kitu kile kile kinachofanya ndimu iwe kali. Uzushi huo ulianzia Ufaransa mwaka 1976 kwa kikaratasi kilichojulikana kwa jina la mji wa Villejuif, wenye taasisi mashuhuri ya saratani, na taasisi yenyewe ikakikana. Inasemekana chanzo kilikuwa mkanganyiko: asidi hiyo imo kwenye mzunguko wa kemia mwilini unaoitwa kwa jina la mwanasayansi Hans Krebs, na Krebs kwa Kijerumani ni saratani. Karibu miaka hamsini baadaye, mtu Kisauni anatupa biskuti kwa sababu ya asidi ya ndimu, kisha anateremshia hasira zake kwa soda ya nusu lita. E300 nayo ni vitamini C.

Si kwamba nambari zote hazina neno. Rangi kama E102, E110 na E129, za manjano, chungwa na nyekundu, tangu 2010 nchi za Umoja wa Ulaya zinalazimu chakula chenye rangi hizo kiandikwe onyo kwamba zaweza kuathiri utulivu na umakini wa watoto. Kwenye peremende za kiwandani unaweza kuzitafuta. Kwenye mabuyu yetu utazitafuta wapi? Mabuyu ya Mombasa yanaacha ulimi na vidole vikiwa vyekundu mpaka jioni, na kijipakiti hakisemi ni rangi gani iliyotiwa. Kachri za muhogo zinazouzwa karibu na feri ya Likoni huja kwenye mfuko mweupe uliobanwa kijikaratasi chenye jina na nambari ya simu. Mafuta yaliyotumika, chumvi, tarehe ya kukaangwa, hakuna. Sipigi vita kina mama wanaosomesha watoto kwa kachri. Kijikaratasi kipo tayari, kimeshachapishwa. Mistari miwili ya viambato na tarehe ingeingia hapo bila gharama ya maana, na mnunuzi angekuwa na sababu ya kuwachagua wao badala ya krispi za kiwandani.

Kubwa kuliko mabuyu ni vitu vya kupima. Sehemu kubwa ya mji huu hainunui chupa ya lita mbili ya mafuta. Mtoto hutumwa dukani na kichupa na shilingi zake, mwenye duka anachota kutoka mtungi wa lita 20, na mafuta yanakwenda nyumbani bila jina, bila tarehe, bila jedwali. Sukari hivyo hivyo, kwenye fundo. Unga hivyo hivyo. Lebo ipo, imebandikwa mtungini, nyuma ya kaunta, imegeukia ukuta. Kampeni zote za kusoma lebo zinamzungumzia mnunuzi wa supamaketi na kumsahau huyu, ambaye ndiye mwenye haja zaidi ya kujua kama mafuta ya leo ni yale yale ya jana.

Kuna pia yale ambayo hata lebo nzuri haiwezi kusema. Novemba 2019 Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) lilipiga marufuku aina tano za unga wa mahindi baada ya kukuta sumu ya aflatoksini imepita kiwango. Pakiti zilikuwa na kila kitu: jina, uzito, tarehe, virutubishi. Mwaka 2004 sumu hiyo hiyo iliua watu 125, wengi wao Makueni na Kitui, na hao walikula mahindi yao wenyewe yasiyo na pakiti yoyote. Kwa jambo kama hilo mnunuzi hana la kusoma isipokuwa alama ya KEBS, na alama yaweza kughushiwa. Ndiyo maana ina nambari ya kibali chini yake. Tuma SM# ikifuatwa na nambari hiyo kwa 20023 utaletewa jina la kampuni na bidhaa iliyoruhusiwa. Jibu lisipolingana na pakiti uliyoshika, usiile.

Turudi kwa bi mkubwa na chupa yake ya embe, maana suluhisho lake limeshajaribiwa kwingine. Mwaka 2016 Chile ilianza kulazimu vyakula vyenye sukari, chumvi, mafuta shibe au kalori kupita kiasi kilichowekwa vibandikwe mbele alama nyeusi ya pembe nane, moja kwa kila kosa. Chakula chenye alama hakiuzwi shuleni na hakichorwi katuni za kuwavuta watoto. Watafiti walipolinganisha ununuzi wa kabla na wa baada, vinywaji vyenye alama vilikuwa vimeshuka kwa takriban asilimia 24. Meksiko ikafuata mwaka 2020. Hakuna aliyefundishwa kuzidisha sodiamu kwa mbili na nusu. Aliyezidisha ni serikali, mara moja, kwa niaba ya wote, kwa namna ile ile ambayo bodi ya halali huuliza habari za jelatini kwa niaba ya wote.

Wenye viwanda husema alama hizo zinatisha watu na kwamba mnunuzi apewe habari kamili aamue mwenyewe. Hoja hiyo ningeipa uzito kama habari kamili ingekuwa inatolewa kwa lugha ya mnunuzi. Tazama mabango ya soda kwenye barabara ya kwenda Changamwe: Kiswahili safi, chenye mizaha na vina. Wanajua vizuri sana ni lugha gani inayouza. Ikifika kwenye jedwali la sukari, Kiswahili kinawaishia. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mlaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike na bidhaa aliyonunua, na kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi. Sioni kwa nini vifungu hivyo viwili visikutane mgongoni mwa pakiti ya maziwa.

Alama za mbele ni kazi ya Nairobi, na Nairobi ina mwendo wake. Lakini Katiba hiyo hiyo, kwenye Jedwali la Nne, inaipa kaunti mamlaka ya kutoa leseni kwa wanaouzia umma chakula na kuwadhibiti. Maafisa wa afya ya umma wa Mombasa tayari hukagua maduka na kutazama usafi wa sakafu na vyeti vya wahudumu. Wangeweza kuongeza sharti moja kwenye fomu: duka linalouza mafuta ya kupima lining'inize mbele ya kaunta, usawa wa macho ya mtoto aliyetumwa, kadi yenye jina la mafuta yaliyomo mtungini leo, yametokana na mmea gani, na tarehe yake ya mwisho. Mtungi mpya ukifunguliwa, kadi inabadilishwa. Hilo halihitaji Bunge, wala maabara, wala fedha za wafadhili.